Siku moja ya mkufunzi wa uashi katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi

Saa 12:30 asubuhi

Siku inaanzia stoo. Miko minane, pima maji tatu, timazi nne, futi, nyundo, makarai, mabeleshi. Kila kifaa kimechorewa umbo lake ukutani kwa rangi nyeusi, kwa hiyo kilichokosekana kinaonekana hata kabla daftari halijafunguliwa. Wanachuo ni 24, yaani mwiko mmoja kwa watu watatu. Ukigawa vifaa bila mpango, mwenye nguvu atajenga na wenzake wawili watamtazama mpaka saa saba, kisha mwisho wa kozi wote watatu watatoka na cheti kilekile. Kwa hiyo zamu zinaandikwa ubaoni kwa majina: anayejenga, anayechanganya, anayepima, na kila kozi mbili za tofali, yaani safu mbili, wanabadilishana.

Pima maji zote zinajaribiwa kabla hazijatoka. Unailaza juu ya ubao ulionyooka, unaweka alama kwenye ncha zote mbili, unaangalia povu, kisha unaigeuza, ncha ya kulia ije kushoto kwenye alama zilezile. Povu likisimama mahali tofauti, pima hiyo ni mbovu. Inawekwa kando siku hiyohiyo, kwa sababu mwanachuo aliyejenga kwa pima mbovu atalaumiwa kwa kosa lisilo lake, na wa aina hiyo hukata tamaa upesi.

Saa 1:30

Mchanga umemwagwa jana jioni. Ili kupima tope lake, unachota kutoka sehemu tatu za lundo, unajaza chupa ya plastiki iliyonyooka hadi nusu, unaongeza maji na chumvi kidogo, unatikisa kwa nguvu na kuiacha dirishani. Majibu yatasomwa saa ya chai. Dereva wa lori atakuambia mchanga ni wa mtoni na ni safi. Msikilize kwa adabu, kisha soma chupa.

Saa 2:00

Nadharia, dakika arobaini, si zaidi. Wengi hapa hawakumaliza sekondari. Wapo waliokatishwa masomo na ujauzito na kurudi kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, na watoto wao wako kwenye kituo cha malezi palepale chuoni. Ukiwaanzishia kanuni ya Pythagoras ubaoni, nusu ya darasa inajifunga. Wape kamba iliyopigwa mafundo kumi na mawili kwa nafasi sawa, ncha zake ziungane kwenye fundo moja. Mmoja ashike hapo penye muungano, wa pili ahesabu nafasi tatu, wa tatu ahesabu nne kwa upande wa pili, kamba ivutwe. Kona ya mraba imepatikana. Hapo ndipo unaandika 3, 4, 5 ubaoni, na hakuna anayeogopa tena.

Kisha idadi ya tofali. Tofali la sentimita 45 kwa 22.5, ukiongeza kiungo cha sentimita moja, linachukua 46 kwa 23.5. Mita moja ya mraba inakula tofali tisa na kidogo; sisi tunahesabu kumi ili kufidia zinazovunjika. Ukuta wa mita 3 kwa 1.2 ni tofali 36. Hesabu hii huwa naidai kwa kila mmoja, kwa sababu fundi asiyeweza kumwambia mwenye nyumba idadi ya tofali ataishia kulipwa kwa siku maisha yake yote.

Saa 3:00

Ukuta wa mazoezi unajengwa kwa chokaa na mchanga, ndoo moja kwa tatu, ili ubomolewe na tofali zisafishwe kwa matumizi mengine. Saruji ni ghali mno kwa kitu cha kubomolewa.

Makosa hujirudia. La kwanza ni tofali kavu lililopigwa na jua: linafyonza papo hapo maji ya mota, yaani mchanganyiko wa kuunganishia tofali, kiungo kinageuka unga. Tofali linyunyiziwe, lisilowe chapachapa. La pili ni mwanafunzi kutandaza mota ya tofali tano kwa mkupuo, akifika la nne mota imeshakaza.

La tatu ndilo gumu kulifundisha, kwa hiyo nalikalia zaidi. Mwanafunzi anasukuma tofali mpaka liguse kamba iliyovutwa kunyoosha ukuta. La kwanza likigusa, la pili linaisukuma kamba kidogo, la tatu linaifuata kamba iliyosukumwa, na ukifika katikati ukuta umefanya tumbo ingawa kila tofali "limefuata kamba". Dawa ni upenyo wa mwanga: kati ya tofali na kamba ibaki nafasi ya milimita mbili hivi, jicho lione mwanga unapita. Ninachuchumaa upande wa pili wa ukuta, mwanafunzi anajenga, namuuliza tofali baada ya tofali, "Unaona mwanga?" Akisema hauoni, anagonga kurudi nyuma kwa mpini wa mwiko. Hili halifundishiki kwa picha ubaoni, na mkufunzi ambaye hajengi mwenyewe hawezi kuliona.

Saa 4:30

Chai. Kina mama wanakwenda kunyonyesha, na ratiba ya zamu imepangwa ili wasipoteze zamu ya mwiko. Chupa ya mchanga imetulia: mchanga ukiwa sentimita 10 na tope la juu likizidi milimita 8, lundo linaoshwa au linarudi lilikotoka. Tope hufunika punje za mchanga, saruji haishiki.

Saa 5:00

Kukagua. Mfumo wa umahiri, unaompima mtu kwa anachoweza kufanya, unataka "ameweza" au "bado", na mimi naukubali, ila neno "bado" lisiandikwe peke yake. Kwenye daftari la mwanachuo inaandikwa: bado, kona ya kushoto imelala milimita 6 kwa kimo cha mita moja, sababu hakupima kila kozi. Anayesoma hivyo anajua la kufanya kesho. Timazi anaishika mwenyewe na kosa analisoma mwenyewe mbele yangu.

Saa 7:00

Ugali na maharage.

Saa 8:00

Ofisi: andalio la somo, mahudhurio, maombi ya vifaa. Hapa ndipo ualimu huu unapochosha. Vyuo hivi vilianza 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya huko, ili mtu mzima wa kijijini ajifunze kitu cha kumfaa. Baadaye vikahama wizara na kurudi, vikaingia mitaala ya VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, na mkufunzi akabaki katikati: ofisini ni mwalimu, mtaani ni fundi, na kwa wazazi wengine ni mtunza waliofeli. Semina za kutupa moyo sizipingi. Lakini kipimo changu cha heshima ya kazi hii ni kama chuo kina ukuta unaotumika, uliojengwa na wanachuo mwaka huu. Kama hakuna, tunafundisha kubomoa.

Ndiyo maana ombi la vifaa linaandikwa wiki tatu kabla, likiambatishwa mchoro na hesabu, si maneno "saruji kiasi". Saruji ikifika inawekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu, na wa kwanza kuingia ndio wa kwanza kutoka. Iliyokaa zaidi ya miezi mitatu hainyanyui ukuta wa mtu.

Saa 9:00

Kazi ya kweli: jiko la chuo linaongezwa upande mmoja. Waliopata "ameweza" asubuhi ndio wanaoshika mwiko hapa, kwa saruji moja kwa mchanga sita, kwa ndoo iliyojazwa na kusawazishwa kwa ubao. Beleshi si kipimo. Mota inachanganywa ya kutumika ndani ya saa moja na nusu. Iliyoanza kukaza haiongezwi maji. Wanatulia kuliko asubuhi, kwa sababu wapishi wanapita na kuuliza dirisha litakaa wapi. Ukuta wa jana unamwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba, na jina la mwenye zamu ya maji liko ubaoni.

Saa 11:00 jioni

Wanaingia mafundi wa mtaani wanaojiandaa kwa urasimishaji wa ujuzi, mpango unaowapima na kuwapa cheti waliojifunzia kazini. Wengine wana umri wa baba yangu. "Shikamoo mzee," ndivyo somo linavyoanza, na wao wananiita mwalimu, hakuna anayepungukiwa.

Hawa huwafundishi kujenga. Wengi wanakwama kusoma ramani, kuandika makadirio, na mpira wa levo, yaani mpira wa maji wa kulinganisha kimo cha kona mbili: povu la hewa likibaki ndani ya mpira, ncha mbili hazisomi sawa, na wao wameshazoea kulaumu kiwanja. Mpira unajazwa taratibu kutoka kwenye ndoo iliyo juu, unapigwapigwa mpaka povu litoke, kisha ncha zote mbili zinawekwa pamoja kwanza kuhakikisha maji yamelingana kabla ya kwenda kona ya pili. Mzee mmoja hupenda kubisha kwamba jicho lake linatosha. Tunapiga mstari kwa jicho lake, tunapiga na kwa mpira, na tofauti anaipima yeye kwa futi yake.

Saa 12:30 miko inaoshwa, inapakwa mafuta machafu ya gari kidogo, inarudi kwenye maumbo yake. Likibaki umbo lisilo na kifaa, hakuna anayetoka getini mpaka kipatikane.