CD ya masta si CD ya kugawa

Anayekwenda dukani kununua CD tupu huigeuza upande wa chini, akaangalia mng'ao, akaridhika. Mimi nasema tazama juu kwanza, pale panapoandikwa. Chini pana plastiki ya unene wa zaidi ya milimita 1, na mkwaruzo mdogo wa huko hupigwa polishi ukatoka. Juu hakuna plastiki ya kukinga. Iko rangi inayochomwa na leza wakati wa kurekodi, juu yake utando wa chuma unaorudisha mwanga, halafu vanishi nyembamba kuliko unywele. Kucha ikipenya hapo muziki umekwenda, na hauna dawa.

Kwetu Lamu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu utando wa chuma katika CD nyingi ni fedha, na fedha huharibiwa na unyevu na hewa chafu. Inua CD mbele ya taa. Ukiona vitundu vya nuru kama vya sindano, irudishe. Kisha angalia ukingo: utando wa chuma uishie kabla ya ukingo wa plastiki, na vanishi iupite na kuufunika pande zote. Chuma kikifika ukingoni wazi, unyevu utaingilia hapo na kutambaa kuelekea ndani.

Rangi hiyo inayochomwa ndiyo jambo la pili. Ziko aina tatu. Sianini ni ya kijani au buluu, ya zamani kuliko zote, na haipendi jua. Azo ni buluu iliyokoza. Ftalosianini karibu haina rangi, kwa hivyo CD yake huonekana ya fedha yenye ukijani hafifu, au ya dhahabu kama utando wake ni wa dhahabu. Kwa masta, yaani CD mama ya kutolea nakala, nachagua ftalosianini juu ya dhahabu halisi, maana dhahabu haishiki kutu. Bei yake ni kubwa, lakini masta ni vipande viwili vitatu tu. Ikikosekana, azo nzuri inafaa. Ila chunga: CD iliyopakwa rangi ya dhahabu upande wa juu si CD ya dhahabu. Itazame kwa chini.

Jina la kwenye boksi nalo halikwambii kiwanda. Chapa moja yaweza kununua kutoka viwanda tofauti, mwezi huu hiki, mwezi ujao kile. Kila CD tupu ina alama ya mtengenezaji iliyowekwa kiwandani, na programu nyingi za kuchomea huisoma. Isome kabla ya kununua boksi la pili ukidhani ni mali ile ile. Na zile zilizoandikwa kuwa ni za muziki hazina ubora wa ziada. Zilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kurekodia za nyumbani, ambazo hukataa CD za kawaida. Kompyuta haijali.

Urefu: nunua za dakika 80, au 74 ukizipata. Anayerekodi maulidi ya Mfungo Sita hujikuta na dakika 95 mkononi, akashawishika kununua CD za dakika 90 au 99. Usinunue. Ili zienee, mistari yake imebanwa kuliko kanuni inavyoruhusu, na deki nyingi hupotea njia kuelekea mwisho. Kata kasida pale msomaji anapopumzika, uweke CD mbili. CD za kufuta na kurekodi tena pia si za masta wala za kugawa. Mwanga zinaorudisha ni mdogo, na deki za zamani hazizisomi.

Katika kuchoma, kosa kubwa ni kasi. Zamani tuliambiwa polepole ndiyo salama, na kwa CD za wakati ule ilikuwa kweli. CD za leo zilizoandikwa 48x au 52x (mara 48 au 52 ya kasi ya kusikilizia) rangi yake imepangwa kwa leza kali ya kasi, na ukizichoma kwa 1x au 2x makosa huweza kuzidi. Chagua 16x au 24x. Chagua pia kuchoma CD nzima kwa mkupuo mmoja. Ukichoma wimbo mmoja mmoja, leza huzimwa na kuwashwa, ikaacha viungo kati ya nyimbo, na kiwanda cha kutoa nakala hukataa masta ya namna hiyo. Tumia kompyuta yenye betri iliyojaa, kwani umeme ukikatika katikati CD ile haifufuki.

Kisha pima. Programu ya kupima, ikiwa mashine yako inaikubali, hutoa hesabu mbili. C1 ni makosa madogo ambayo deki huyasahihisha yenyewe. Kanuni inaruhusu hadi 220 kwa sekunde, lakini masta nzuri hukaa chini sana ya hapo. C2 ni makosa mazito zaidi, nayo iwe sifuri. Ikionekana hata moja kwenye masta, choma nyingine.

Weka pia faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, kama data kwenye DVD. CD ya muziki haina ile ngazi ya ziada ya kusahihisha makosa iliyomo kwenye data, na tabaka la DVD limefichwa katikati ya plastiki mbili. Muziki wa biti 24 kwa kilohezi 48 hula megabaiti 17 hivi kwa dakika, kwa hivyo DVD moja huchukua saa nne na nusu.

Nakala za kugawa zichomwe kwenye CD za fedha za bei nafuu, bora zimepita mtihani wa taa. Usibandike stika. Unyevu wetu huilegeza gundi, stika ikajikunja na kung'oa vanishi pamoja na chuma. Andika kwa maka ya wino wa maji, kwenye duara la katikati.

Masta zisimame wima kwenye kasha gumu, ndani ya bati lenye kifuniko cha kubana na silika kavu, zile punje za kunyonya unyevu. Silika ya boksi la viatu huwa imeshashiba unyevu. Zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, zinapendeza, lakini ukuta wa mawe na chokaa hupumua unyevu masika yote, kwa hivyo bati likae kabatini, mbali na ukuta. Pima masta kila mwaka, na C1 ikianza kupanda choma mpya mapema, kabla C2 haijaonekana.