Mkono ulioshuka na makasi ya kukatia

Mimi ni fundi wa kushona, na wateja wangu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu huku Kongo, wamegawanyika kuhusu mkono wangu wa kuume ulioshuka. Kuna wanaosema ni kiharusi, hao wananionea huruma na hata hawabishani tena bei. Kuna wanaosema nimerogwa na mtu wa soko mwenye wivu. Na kuna wasiosema kitu: wanachukua vikwembe vyao, yaani vitambaa vyao vya kushona, wanapeleka kwa fundi mwingine. Hao wa mwisho ndio wamenifanya niandike.

Nilianguka na pikipiki kwenye mteremko, mvua imetoka tu kunyesha. Tope la Bukavu kila mtu analijua. Mfupa wa juu wa mkono, ule wa kati ya bega na kiwiko, ulivunjika katikati. Maumivu yalikuwa ya mfupa, na wote tukahangaika na mfupa. Kesho yake nilipotaka kupokea kikombe cha chai ndipo nikaona kiganja kimeshuka, kinaning'inia, vidole havinyooki. Kukunja naweza, kunyoosha hapana. Ajabu ni kwamba kiwiko chenyewe kilikuwa kinanyooka vizuri.

Baadaye kine, yaani yule wa mazoezi ya viungo, alinionyesha kwa kidole juu ya mkono wangu mwenyewe. Neva, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka amri za ubongo kwenye misuli, ile inayoitwa radiali, inatoka shingoni, inapita kwapani, halafu inazunguka nyuma ya mfupa huo huo uliovunjika, tena imelala juu yake karibu kabisa. Mfupa ukivunjika pale, neva inavutwa au inapondwa. Matawi ya msuli unaonyoosha kiwiko yanachipuka juu zaidi, kabla ya mahali palipovunjika, ndiyo maana kiwiko kilisalimika. Misuli inayoinua kifundo cha mkono, vidole na kidole gumba inapata amri zake chini ya hapo. Yote ilikuwa mizima, ila amri hazifiki. Na msuli usiopata amri unakonda: ukitazama mkono wangu ukilinganisha na wa kushoto, utaona bonde upande wa juu, chini kidogo ya kiwiko. Ngozi ya nyuma ya kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada, ilikufa ganzi. Kwa mtu wa pasi ya makaa hiyo ni hatari, kwa hiyo pasi niliiacha kabisa.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa hili. Kine aliniambia nimminye vidole vyake viwili. Nikaminya, hakuna kitu, nguvu zote zimekwenda wapi? Halafu akainua kifundo changu kwa mkono wake, akakishika juu, akasema, "Minya tena, mama." Nikaminya mpaka akatoa sauti. Nguvu zilikuwepo siku zote! Kano zinazokunja vidole zinapita upande wa kiganja, na kifundo kikianguka zinalegea, hazina pa kuvutia. Jaribu wewe mwenye mkono mzima: kunja kifundo mpaka mwisho, halafu ushike makasi kwa nguvu. Hutaweza.

Ndiyo sababu nikatengenezewa ateli, kifaa cha ngozi chenye bamba gumu ndani, kinachoshikilia kifundo juu. Hakiponyi neva, kinakurudishia mkono wa kufanyia kazi wakati unasubiri. Siku hiyo hiyo nilirudi kwenye mashini. Bukavu tuna bahati, kuna watu wanaojua kutengeneza vifaa hivi. Kituo cha Heri Kwetu kinajulikana mjini kwa kazi ya watu wenye ulemavu.

Sasa, kusubiri nini? Tangu mwaka 1943 madaktari wanafuata mgawanyo wa Mwingereza mmoja, Seddon. Kuna neva iliyozimia tu, inaamka baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Kuna neva iliyokatika nyuzi za ndani lakini ganda lake la nje limebaki. Na kuna iliyokatika yote. Mimi nilielewa kwa sketi: lastiki ikikatika ndani ya upindo, upindo ukiwa mzima utapitisha nyingine kwa kufuata njia ile ile, lakini upindo ukichanika lazima kwanza ushone. Neva ya aina ya pili inaota yenyewe kufuata ganda, karibu milimita 1 kwa siku, na kutoka katikati ya mfupa mpaka kwenye msuli wa kwanza hiyo ni miezi. Mfupa huu ukivunjika bila jeraha la wazi, neva za watu wengi zinarudi zenyewe, na ndiyo maana daktari hakukimbilia kisu.

Kumbe mtu anaweza kuona neva inavyosafiri. Kine alikuwa anagonga kwa ncha ya kidole, akianzia chini akipanda. Mahali fulani ghafla umeme unakimbia mpaka nyuma ya kiganja. Anaweka alama ya kalamu. Mwezi mwingine mahali pale pameshuka kuelekea kiganja, yaani neva imeota mpaka hapo. Kipimo hicho kilielezwa mwaka 1915 na daktari Mfaransa, Jules Tinel, aliyetibu askari waliojeruhiwa vitani. Mimi sikuridhika na kalamu yake, nilichukua utepe wangu wa kushonea nikapima kutoka kwenye kiwiko na kuandika kwenye daftari la wateja, katikati ya viuno na mabega ya watu.

Wa kwanza kurudi ulikuwa msuli wa upande wa kidole gumba karibu na kiwiko, ule unaotuna ukikunja kiwiko gumba likiwa juu. Halafu kifundo. Halafu vidole, polepole. Kidole gumba ndicho cha mwisho, na mpaka leo bado kivivu: makasi nafunga vizuri, kuyafungua ndiyo shida. Msichana ninayemfundisha anakata, mimi nachora chaki na kushona.

Kusubiri kwenyewe ni kazi. Asubuhi na jioni mkono wa kushoto unainua kifundo na vidole vya kuume mpaka mwisho wa njia yao. Ukiacha, viungo vinakauka, na siku neva itakapofika itakuta mlango umefungwa. Sindano za vitamini B nilishauriwa na kila mtu, hata na muuza maharage. Zinamfaa mwenye upungufu wa vitamini hizo, neva iliyopondwa na mfupa haiotishwi nazo, na kwa pesa ile nilinunua samaki na mayai. Mashine ya kushtua misuli kwa umeme kine hakuitegemea sana, na kwa umeme wetu wa Bukavu afadhali.

Jirani yangu alipata mkono huu huu bila kuanguka: alilewa, akalala ametundika mkono nyuma ya kiti. Neva ile ile, mahali pale pale, ilibanwa tu. Ulirudi baada ya wiki chache. Yeye anasema ni maombi, na simbishii.

Kama miezi 3 au 4 inapita na hakuna hata msuli mmoja unaostuka, rudi kwa daktari. Kuna kipimo cha umeme cha misuli, na kuna upasuaji wa kuitazama neva na kuiunga. Usikae miaka, kwa sababu msuli uliokaa bila neva mwaka mmoja au mmoja na nusu unageuka mafuta na kovu. Hata hivyo aliyechelewa ana njia: wanachukua kano ya msuli unaogeuza kiganja chini, wanaiunganisha na ile ya kuinua kifundo, na mtu anajifunza kuitumia.

Wale wanaosema kiharusi, sikilizeni: kiharusi ni cha ubongo, mara nyingi kinapinda mdomo, kinakwamisha maneno, kinashika mkono na mguu wa upande mmoja. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Miguu yote miwili ikilegea na udhaifu ukapanda siku baada ya siku, hospitali pia, unaweza kufika kwenye pumzi. Na mwenye mabaka yasiyosikia mguso pamoja na mkono dhaifu apimwe ukoma. Dawa zake ni za bure.

Ukivunjika mkono, kabla hawajakufunga plasta omba uinue kidole gumba mbele yao, waandike wameona nini, na mrudie baada ya kufunga. Na usikubali kufungwa mkono kwa mianzi ya kukazwa kwa kamba. Vidole vikivimba, vikibadilika rangi, maumivu yakizidi badala ya kupungua, usingoje asubuhi, nenda wakufungue.