Fungu la Aliyebaki Besori

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu umekuwa mzito. Msimu wa parachichi huku Bahati na Subukia, Nakuru, unaelekea ukingoni, na nyapara ametuambia kuanzia Jumatatu atachukua nusu ya watu. Hakusema nusu ipi. Tangu hapo hata salamu zimepungua shambani. Anayejua lori litapitia wapi alfajiri hasemi. Nami usiku naomba jina langu lisikatwe, na ombi hilo linanisumbua, maana langu likibaki, la mwenzangu limetoka.

Ndipo nikarudi 1 Samweli 30. Mnaijua habari: watu 200 wa jeshi la Daudi walichoka, wakashindwa kuvuka kijito cha Besori, wakabaki na vyombo. Wenzao 400 waliporudi na nyara, wabaya miongoni mwao wakasema wale wasipewe kitu. Daudi akakataa. Aliyeshuka vitani na aliyekaa penye vyombo wapate sawasawa.

Sasa tazameni kikosi chetu. Kijana ameshika mti mrefu wenye ndoano na mfuko, anaangua. Chini yuko mama anayepunguza vikonyo kwa makasi, kwa uangalifu, maana tunda lililong'oka kikonyo huoza upesi. Anapanguza, anapanga kwenye kreti. Kreti ikihesabiwa, linaandikwa jina la nani? Na mgongo wa mama ukikataa, tunamwambia akae nyumbani! Wapendwa, huyo ndiye wa Besori. Kreti zako zilijaa kwa mikono yake. Akikosa unga mwezi huu wewe ukiwa na kibarua, umekula fungu lake.

Na wewe nyapara tunayeimba nawe kwaya moja, unayetaka chai kabla ya kuandika jina la mjane, acha. Acha leo. Musa aliagiza maskini apewe ujira wake kabla jua halijachwa, Kumbukumbu la Torati 24. Hata Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 18, inasema malipo ya kibarua ni siku inapoisha. Wewe unawaambia warudi Ijumaa, na Ijumaa simu umezima. Kilio chao kinamfikia Bwana wa majeshi, Yakobo hakuficha katika waraka wake.

Jumapili baada ya ibada, tuliopata nafasi tubaki. Kila mmoja aje na jina la mwenzake aliyeachwa, na kiasi atakachomkatia kwenye ujira wa wiki. Anayejua shamba linaloandika watu alitaje mbele ya wote.