Kesi ya kanda za baba

Masika haya mvua ilitufungia ndani siku tatu, na wapwa zangu walishachoka na karata. Nikavuta sanduku la kanda za marehemu baba kutoka mvunguni, tukaanzisha mahakama. Kanda inapandishwa kizimbani, mmoja anaishtaki, mwingine anaitetea, na mdogo wao wa miaka tisa ndiye hakimu. Ikishindwa kesi, inatupwa.

Za mwanzo zilikwenda haraka. Mbili zilikuwa na ukungu, zikahukumiwa. Moja utepe wake ulilegea, tukachomeka peni ya Bic kwenye yale meno sita, tukazungusha taratibu mpaka ukakaza. Ikasamehewa.

Ikaja C60, kanda ya dakika sitini, iliyoandikwa kwa wino wa bluu, "RTD usiku", yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwendesha mashtaka alijiandaa: muziki wa dansi wote huo upo kwenye simu, tena safi, haukwaruzi. Mtetezi nilikuwa mimi, na hoja sikuwa nayo. Nikaomba tu isikilizwe.

Redio ya baba haikuwa na sehemu ya kanda. Alikuwa akiazima kinasa sauti cha jirani, anakiweka mezani mbele ya redio, kisha anatuamuru tunyamaze. Kwa hiyo maikrofoni ilinasa na chumba kizima. Kwenye wimbo wa tatu, gitaa la solo limeshakolea, mlango unalia, ndala zinaburuzwa, halafu bibi: "Nani kamaliza chumvi?" Baba anasema, "Shii!" Bibi anamjibu, "Usininyamazishe, nimekuzaa mimi." Gitaa linaendelea.

Bibi hakuacha sauti yake pengine popote. Picha tunazo mbili, zote kafumba mdomo. Watoto hawa hawakumkuta. Walirudisha nyuma mara nne, wakaanza kumuiga. Nyimbo zile nazipenda sana, lakini si kwa ajili ya nyimbo nimelihamisha sanduku hili nyumba tatu.

Hakimu akaniuliza, "Mjomba, kanda inafutikaje?" Nikamwonyesha kitufe chekundu: ukikibonyeza, kichwa cha kufutia kinasafisha utepe kabla sauti mpya haijaingia. Kinga yake ni vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, kimoja kwa kila upande. Ukivivunja, kitufe hakibonyezeki tena. Vya kanda ile vilikuwa bado vizima, miaka yote hiyo.

Hakusema kitu. Akaiweka kanda mapajani, akachukua kisu cha jikoni, akavivunja vyote viwili, pole pole, ulimi nje.