Jumamosi niliyokaa kwa fundi cherehani Kaloleni

Mwaka 2008 nilikua naendesha kipindi cha zilipendwa kwenye redio moja ya biashara hapa Arusha, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi. Redio yenyewe siitaji jina. Nilikua kijana bado, na nilikua naupenda mziki wa dansi kuliko kitu chochote, na mapenzi hayo ndo nusura yaniue kipindi.

Ngoja kwanza nieleze saa moja ya redio inavyoliwa maana watu wengi wanadhani dakika 60 zote ni mziki. Habari kwenye saa kamili zinachukua dakika 5. Matangazo, siku ambayo idara ya masoko imefanya kazi vizuri, yanafika dakika 14. Salamu na simu za wasikilizaji pamoja na maneno yangu mimi, dakika 8 hivi. Inabaki kama dakika 33, na nyimbo za dansi sio fupi, kwahiyo unapata nyimbo 7, ukibana sana 8. Hizo 7 ndo shamba lako lote, ukilima vibaya huna pengine pa kulima mpaka wiki ijayo.

Mimi kwenye 7 nilikua naweka 4 au 5 ambazo hakuna anayezijua. Nilikua nimerithi kabati la santuri kutoka kwa baba mdogo, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi alizinunua Nairobi enzi Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na barabara ya Namanga iko wazi, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, mpaka wa nchi ukafungwa hadi 1983. Kipindi kile hata bendi zetu santuri zao zilikua zinatengenezwa Kenya maana huku kiwanda hatukua nacho, kwahiyo mpaka ulipofungwa kuna nyimbo zilibaki upande wa kule na huku wakazijua wachache tu waliowahi kununua. Sasa mimi nimekaa juu ya kabati kama hilo halafu niambiwe nipige nyimbo zilezile 40 ambazo kila redio inapiga? Roho ilikua inakataa kabisa. Niliona kila nikipiga wimbo unaojulikana nimeinyima nafasi santuri moja ya baba mdogo.

Meneja wetu wa vipindi, dada mmoja mtaratibu sana, alikua kanivumilia miezi mitatu. Ijumaa moja mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha mnaijua, akaniita ofisini akafunga mlango. Akaniambia mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayedhamini kipindi changu amepiga simu, anasema hata vijana wake dukani wanahama stesheni, na yeye halipi hela ili watu wahame. Nikaanza kujitetea, nikamwambia dada, watu watazijuaje hizi nyimbo kama hatuzipigi, nikamweleza habari za kina Kinyonga, ndugu waliotoka Tanga wakapita hapahapa Arusha mwaka 1970 wakiwa na Arusha Jazz, wakaenda zao Kenya na mwaka uliofuata wakawa Simba Wanyika, nikamuuliza mtu wa Sombetini leo anajua hilo? Nani amwambie kama sio sisi? Aliniacha nikaongea mpaka nikaisha. Halafu akasema, "Mdogo wangu, mimi sibishani na wewe. Rekodi kipindi leo, kesho kiende chenyewe kwenye kompyuta, wewe katafute sehemu watu wanaposikiliza ukae tu. Usijitambulishe."

Nikarekodi. Na kwa hasira nikaweka 5 zisizojulikana kwenye saa ya kwanza.

Jumamosi nikachukua suruali inayohitaji kupunguzwa urefu nikaenda Kaloleni, kuna mzee mmoja alikua na cherehani kwenye baraza, sio mbali na uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nilimchagua kwasababu nilikua nikipita pale nasikia redio yetu. Nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, kaa hapo kwenye benchi nimalizie hii gauni ya watu. Pembeni yake kulikua na dogo anayejifunza kazi, anafungua mishono, na mbele kidogo muuza kahawa na birika lake. Redio ilikua juu ya rafu ya vitambaa, ya kaseti ya zamani, antena imevunjika kafunga waya wa shaba umepanda mpaka kwenye bati. Ya kuzungusha kwa mkono. Hilo la kuzungusha kwa mkono lishikeni, nitalirudia.

Habari zikaisha, ikaingia sauti yangu. Kujisikia mwenyewe barazani kwa watu ni kitu kingine kabisa. Wimbo wa kwanza ulikua wa bendi ya Sikinde, unajulikana na kila mtu, na mzee alianza kuimba kabla mwimbaji hajaingia, mguu unakanyaga cherehani kwa mwendo wa wimbo, hata muuza kahawa anaitikia kule. Nikajisemea haya sasa.

Wa pili ukawa mmoja wa kwangu. Mzee akanyamaza. Hakukasirika, alinyamaza tu, akainamia gauni. Nikaona sio mbaya, anasikiliza. Wa tatu tena wa kwangu, akaanza kumwelekeza dogo namna ya kushika mkasi, yaani redio ikawa kelele ya nyuma tu. Kati ya wa tatu na wa nne nilikua nimeongea, na hapo nilijisikia vibaya maana nilichokua nasema ni jina la bendi, mwaka, wapi wamerekodi, basi, kama mtu anasoma daftari la mahudhurio. Ukaingia wa nne. Huu nilikua naupenda kuliko zote, lebo yake imechakaa jina la bendi halisomeki, unaanza taratibu na magitaa mawili yanaongea, na huo utaratibu unakwenda dakika mbili na zaidi kabla chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, halijaingia. Mzee aliupa kama dakika moja. Akanyoosha mkono bila hata kuangalia, akazungusha. Ikaja kelele ya mawimbi, ikaja redio ya Dar, watu wanazungumzia mpira, akaacha hapo.

Nilitamani nisimame niseme mzee subiri, chemko linakuja, subiri sekunde 70 tu. Nilikaa nimeshika suruali yangu.

Na hakurudi. Ndo nasema habari ya ile redio ya mkono, ukishatoka stesheni kurudi ni kazi, uzi umelegea, unatafuta mshale huku na huku, mtu ana gauni ya watu mkononi hawezi kuhangaika hivyo. Mpaka saa kumi alikua kulekule kwenye mpira. Kipindi changu chote cha saa ya pili, ambacho ndo nilikua nimeweka vitu vikubwa, kilienda hewani bila mtu wa baraza lile. Suruali ikaisha, nikalipa, nikatembea mpaka Soko Kuu badala ya kupanda kifodi, daladala zetu ndogo, nilikua nataka kufikiri.

Nilichokua nafikiri ni hiki. Mzee hakuukataa wimbo wa pili. Wala wa tatu hakuukataa. Alichokataa ni watatu mfululizo bila mtu anayemjua hata mmoja katikati. Na kilichoniuma zaidi ni kitu kingine ambacho hata meneja hakukisema: ule wa Sikinde aliuimba kwasababu kausikia maisha yake yote, sijui mara 500, sijui 1,000, na mimi hizi za kwangu nilikua napiga kila moja mara moja halafu naiweka kabatini narukia nyingine, najivunia kwamba sirudii. Sasa atazijulia wapi? Nilikua namlaumu mtu kwa kutokujua wimbo ambao nimempa dakika 4 tu katika umri wake wote. Hapo nilijiona nimekosea kweli, nimewakosea hata wale wapiga magitaa.

Jumatatu nikaingia kwa meneja nikamwambia dada nimeona. Hakunicheka wala hakuniambia si nilikwambia. Nikamwomba 2 kwa saa badala ya 5, lakini na yeye anipe kitu, aniruhusu nirudie wimbo uleule usiojulikana kila Jumamosi kwa wiki nne. Akafikiri. Shida aliyoiona ni kwamba kama haupendwi tunarudia kosa mara nne. Nikamwambia nipe wiki nne, ukifeli nitakuachia uchague wewe nyimbo zote. Akakubali. Na kwa mdhamini dada akaenda kuongea yeye mwenyewe, na hilo namshukuru mpaka leo.

Nikanunua daftari nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa, kushoto wanaoujua, kulia hawaujui. Ule wa lebo iliyochakaa nikauandika wa kwanza upande wa kulia. Halafu nikaanza kuupanga upya. Zile santuri ndogo upande mmoja hautoshi wimbo mzima, kwahiyo nyingi ziligawa, upande wa kwanza maneno, ukigeuza unakuta chemko. Mimi kwa heshima ya wanamuziki nilikua napiga kuanzia mwanzo, na mzee alikua ameondoka kabla sijageuza, kama unavyoona. Nikaamua wiki ya kwanza nipige upande wa pili peke yake, chemko tupu. Wiki ya pili tena hivyohivyo. Wiki ya tatu ndo nikaunganisha wimbo mzima, watu wanajua tayari unaelekea wapi. Na nikauweka katikati ya nyimbo mbili ambazo Arusha nzima inaziimba, mbele yake wa Simba Wanyika kwasababu magitaa yanafanana lugha, sikio linateleza tu kutoka huu kwenda ule. Maneno yangu nikabadilisha pia, habari za mwaka na studio nikaacha, nikasema tu huu umetoka kwenye kabati la baba yangu mdogo, alikua anaupiga Jumapili jioni akishanyoa ndevu, sikiliza besi inavyoingia. Ni kweli alikua anafanya hivyo.

Kuna wadau wa mziki walionisema, wakasema kukata wimbo vile ni kumvunjia heshima mtunzi. Nawaelewa na sikulala vizuri kwa ajili hiyo. Lakini kwangu mimi wimbo kulala kabatini miaka 30 ulikua mbaya zaidi.

Wiki ya nne nikarekodi tena Ijumaa. Nikatafuta shati lenye kola iliyochakaa nikarudi Kaloleni. Mzee alinikumbuka, au alijifanya kunikumbuka, akaniuliza suruali inakaaje, nikamwambia inakaa vizuri. Redio ilikua kwetu. Nikashukuru hilo kwanza, maana sikua na uhakika kama aliwahi kurudi.

Simba Wanyika wakapiga, mzee akaimba. Mie mikono inatoka jasho na baridi ile. Magitaa mawili yakaanza kuongea, taratibu, na mzee akanyamaza kama siku ile, nikatazama mkono wake. Mkono ulikua kwenye kitambaa, unasukuma kola chini ya sindano. Ikapita dakika moja. Mguu ulikua unakanyaga polepole, sikumbuki kama kwa mwendo wa wimbo au wa mshono. Kabla tu ya chemko akasimamisha gurudumu kwa kiganja akamgusa dogo begani, "Sikiliza hapa, besi inaingia sasa hivi." Ikaingia. Dogo akacheka, mzee akarudisha mguu kwenye pedeli akaenda nayo mpaka mwisho.

Nikamuuliza, mzee, huu wimbo unaufahamu?

"Huu? Huu wa siku nyingi," akasema, wala hajainua macho. "Sisi tumekua nao huu."

Sikusema kitu. Inawezekana kabisa aliusikia ujanani mahali, Namanga ilikua wazi wakati ule. Nikasubiri shati, nikalipa, nikapanda kifodi cha kurudi mjini, na nikiwa nimekaa siti ya nyuma nikatoa daftari nikaufuta ule wimbo upande wa kulia nikauandika kushoto. Upande wa kulia zilikua zimebaki nyingine 60 na kitu, nikaanza kuzipitia moja moja nikitafuta ya Jumamosi inayofuata.