Jinsi nilivyozioanisha rangi za nyumba yetu mpya

Tulipohamia Kigamboni, kila chumba kilikuwa na rangi niliyoipenda siku nilipokwenda dukani, hivi kwamba mtu aliyesimama koridoni aliona sebule ya kijani, jiko la rangi ya chungwa na chumba cha watoto cha zambarau kwa mara moja.

Nilianza na vitu ambavyo singeweza kuvibadilisha kwa bei nafuu, yaani vigae vya sakafuni na milango ya mninga. Nilichukua kipande cha kigae kilichobaki, nikakipeleka dukani, na kwa kukilinganisha nikachagua rangi moja ya maziwa, ambayo fundi aliijaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha ukuta katika kila chumba.

Usiku nilishangaa: rangi ileile ilikuwa ya manjano sebuleni na ya kibuluu koridoni. Kumbe balbu ndizo zilizotofautiana, za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 sebuleni na 6500 koridoni. Nilizibadilisha zote ziwe za 3000, gharama ndogo iliyosaidia kuliko mapazia yote niliyokwisha kununua. Zambarau imebaki kwenye mashuka ya watoto, maana hapo walikataa katakata.