Usiku wa tatu

Wiki iliyopita, saa nane usiku, nilimsikia kaka uani. Hatua zake nazijua. Zikiwa nzito, ametoka chooni. Zikiwa nyepesi na za haraka, hajalala kabisa. Zilikuwa nyepesi, na huo ulikuwa usiku wa tatu.

Kaka ana baipola, ugonjwa wa akili ambao mara humpandisha mtu hisia na nguvu kupita kiasi, mara humshusha kwenye huzuni nzito. Kwa miaka mingi alivua dagaa Kibirizi, Kigoma, na dagaa wa Ziwa Tanganyika ni kazi ya giza: taa zinawaka ziwani hadi alfajiri, mwezi ukijaa ndipo wavuvi wanapumzika. Mara zote mbili alizopandisha mpaka tukampeleka hospitali, zilianzia kwenye giza refu la kazi, usiku anavua, mchana halali. Nyumbani tulisema halali kwa kuwa anaumwa. Nilichelewa sana kuelewa kwamba kwa mtu kama yeye kukesha kwenyewe kunaweza kuuwasha ugonjwa.

Nikisema kliniki kwamba halali, jibu lilikuwa moja: daizepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Alilala, kweli, ila asubuhi aliamka kama aliyepigwa, na baada ya wiki kadhaa kidonge kile kile hakikumtosha tena. Dawa zake za kila siku sizipingi hata kidogo, bila hizo tungeshampoteza. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemuuliza anaamka saa ngapi, wala kama anakoroma. Baadhi ya dawa hizi zinanenepesha, na mtu anayekoroma huku pumzi ikikatika hapumziki hata akilala kwa muda wa saa kumi.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeuliza. Akatuambia aamke saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, akae juani asubuhi, chai ya rangi iishie mchana. Kitanda kiwe cha kulala tu. Usingizi ukigoma, ainuke akae penye mwanga hafifu, arudi akisinzia. Akanionya pia: iko tiba ya kupunguza muda wa kukaa kitandani ili usingizi uwe mzito, inawasaidia wengi, lakini kwa kaka tusiijaribu wenyewe, maana kunyimwa usingizi kunaweza kumpandisha.

Baadaye nilisoma utafiti wa Daniel Freeman wa Oxford na wenzake, wa mwaka 2017, kwa wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu Uingereza. Waliotibiwa kukosa usingizi walipungukiwa pia na kushuku watu na kusikia au kuona yasiyokuwepo. Kidogo tu, na wale hawakuwa wagonjwa kama kaka. Hata hivyo nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Usingizi wenyewe ulikuwa umetibiwa, na akili ikanufaika.

Usiku ule sikumgombeza. Nilitoka nikakaa naye kimya, asubuhi tukaenda kliniki mapema, daktari akarekebisha dawa ya jioni. Siku hizi kaka anaanika dagaa, kazi ya jua.

Jana ilikuwa giza. Taa za wavuvi zilijaa ziwani. Alisimama mlangoni akizitazama, akaniuliza, "Dada, saa ngapi?" Nikamwambia saa tatu. Akaingia ndani.